Mpira wa magongo kwa wasichana: mwaka huu wamekuja 13, na najua kwa nini

Winga wa Sabatia (mleta uzi)

Wakuu, hamjambo. Uzi ni mrefu, naomba mnivumilie.

Nafundisha mpira wa magongo kwa wasichana kwenye shule moja ya kutwa kule Vihiga, magharibi mwa Kenya. Sijaajiriwa na shule. Nilisoma hapo, nikacheza winga ya kulia miaka minne, na tangu 2011 kila muhula wa kwanza narudi kuwanoa wadogo zangu. Siku ya kwanza ya mazoezi ndiyo naipenda kuliko zote. Wasichana hujaa kando ya kiwanja, nusu yao hawajawahi kugusa gongo, wanalibeba begani kama jembe. Mwaka 2018 nilihesabu 61. Mwaka huu wa 2025 nimehesabu 13. Nilikaa nusu saa nikidhani wengine wamecheleweshwa darasani. Hawakutokea.

Timu ni wachezaji 11. Kati ya hao 13, mmoja goti lake halijapona. Hatuwezi kugawanyika tucheze wenyewe kwa wenyewe, na mchezo huu haufundishiki kwa kuzunguka koni peke yake. Watu huwatazama wale 11 wanaoanza, lakini mimi timu naipimia kwa yule wa 15, yule anayekaa benchi akiitamani nafasi ya beki wangu. Huyo ndiye humtoa beki kitandani saa kumi na moja alfajiri. Sasa beki wangu anajua hata akikosa wiki nzima jezi ni yake. Namwona anavyofifia na sina wa kumshindanisha naye.

Mashindano ya kaunti ndogo yalileta timu tatu za wasichana. Nikiwa mwanafunzi tulikuwa nane, na yeyote kati ya wanne angeweza kutwaa kombe. Safari hii mechi moja iliisha 9-0, na wale waliofunga tisa hawakufurahi kama inavyopaswa.

Nasikia wanaosema wasichana wa siku hizi ni wa simu tu. Siamini. Tupige hesabu pamoja.

Kwa Kenya, magongo huanzia shule ya upili. Shule nyingi za msingi hazina hata gongo moja stoo. Msichana alikuwa anafika kidato cha kwanza akiwa na miaka 14. Mwaka wa kwanza anajifunza kuusimamisha mpira, wa pili anakaa benchi, wa tatu anacheza, wa nne ni nahodha na ndiye anayemfundisha mgeni. Kidato maana yake ni kipago cha ngazi, na ngazi yetu ilikuwa na vipago vinne kwelikweli.

Kwanza ikaja korona. Shule zikafungwa Machi 2020, zikafunguliwa kikamilifu Januari 2021, kisha mihula ikabanwa ili kufidia muda na michezo ikawa ya mwisho kukumbukwa. Walioingia kidato cha kwanza 2020 walimaliza 2023 wakiwa wamecheza nusu ya walichostahili. Hawakuwa na cha kuwarithisha wadogo zao.

Kabla hatujainuka, CBC, yaani mtaala mpya wa umilisi, ukafika kwetu. Mtihani wa mwisho wa KCPE, ule wa kumaliza shule ya msingi, ulifanywa 2023, na kidato cha kwanza cha mwisho kiliingia 2024. Mwaka huu shule za upili za mfumo wetu wa zamani zina kidato cha pili, cha tatu na cha nne. Hakuna wapya! Wale ambao wangekuwa wapya wako gredi ya 9, kwenye viwanja vya shule za msingi, ambako magongo hayajawahi kufika. Januari 2026 wataingia gredi ya 10 wakiwa na miaka 15 au 16, na watakaa miaka mitatu badala ya minne. Tumepoteza mwaka mzima wa mchezaji, na tumempoteza ule mwaka ambao mkono bado ni laini.

Sisemi mtaala ni mbaya. Mimi mwenyewe nina mtoto gredi ya 4 na anasoma kwa furaha. Ninachosema ni kwamba hakuna aliyekaa chini akauliza: mchezo unaoanzia kidato cha kwanza utaanzia wapi kidato cha kwanza kisipokuwepo?

Halafu kuna gongo lenyewe. Kandanda msichana huijua tangu akiwa na miaka sita, kwa mpira wa makaratasi na kamba. Voliboli, kamba ya kuanikia nguo inatosha kuwa wavu. Gongo ni mali ya shule. Linatoka stoo saa kumi jioni, linarudi saa kumi na mbili, na likizo linafungiwa. Mimi nilijifunza likizo kwa tawi la mpera lililopinda, na mama alinigombeza kwa kuuharibu mti wake.

Nataka kusikia wenzangu wa kwingine. Na kwa wanaojua lugha ya wakubwa, nisaidieni jinsi ya kulisema hili likasikika.

Mzee wa Ngara

Mwalimu, pole na hongera kwa moyo huo. Nakuita mwalimu hata kama shule haikulipi.

Mimi nimeona upande mwingine wa historia hii. Kenya ilimaliza ya nne Kombe la Dunia la kwanza la wanaume, Barcelona 1971. Ya nne duniani, nyuma ya Pakistan, Hispania na India. Kabla ya hapo ya sita Olimpiki ya Tokyo 1964. Nahodha Avtar Singh Sohal alicheza Olimpiki nne, kuanzia 1960 hadi 1972. Wengi wa wachezaji wale walikuwa Wasikh na Wagoa wa Nairobi, watu wenye asili ya India, na hawakuanzia kidato cha kwanza. Walianzia klabuni, Sikh Union na Goan Gymkhana, mtoto anamfuata baba Jumapili na kupewa gongo lililokatwa likamfaa urefu.

Familia zile zilipohama kwenda Uingereza na Kanada, mchezo ulibaki mikononi mwa shule, majeshi na mashirika. Shule zilijitahidi sana, na kwa wasichana shule za Nyanza na Magharibi ndizo zilizoubeba: Sinyolo, Nyamira Girls, Tigoi. Lakini shule humwaga wachezaji wake kila Novemba. Klabu hubaki nao. Wewe unaishi kwenye mto na unalaumu maji kwa kupita.

Refa wa Nyanza

Nachezesha mechi za shule mwaka wa 14 sasa. Mleta uzi ameeleza idadi, mimi niongeze kuhusu kiwango, maana vinaanguka pamoja.

Kwenye kiwanja cha nyasi za kawaida au murram, yaani udongo wa changarawe, mpira hurukaruka. Msichana anajifunza kwamba njia salama ni kuupiga kwa nguvu mbele na kuukimbilia. Akili yote inakwenda miguuni. Kwenye nyasi bandia mpira unateleza chini kwa kasi: unatakiwa ulaze gongo ili uusimamishe, uugeuze kwa upande wa kushoto, usukume pasi fupi. Ni kama michezo miwili. Wasichana wengi wa shule huziona nyasi hizo bandia mara ya kwanza siku wanapofika City Park pale Parklands, kiwanja cha Michezo ya Afrika ya 1987. Wengine hawafiki kabisa.

Penalti kona ndiyo inanitoa machozi. Timu inayoshambulia ina faida kubwa kuliko wakati wowote mwingine wa mchezo: walinzi watano tu, kipa akiwemo, nyuma ya mstari wa goli, wengine wote wako mbali katikati ya uwanja. Mmoja anausukuma mpira, mwenzake anausimamisha ukingoni mwa duara la kufungia lililo mbele ya goli, wa tatu anapiga. Mazoezi ya wiki mbili yanatosha kuijua. Msimu huu nimechezesha mechi yenye penalti kona 11 na hakuna hata mpira mmoja uliosimamishwa vizuri. Hao watatu wanahitaji kufanya mazoezi pamoja kila siku, na mwalimu mwenye wachezaji 13 anabadilisha watu kila mmoja anapougua.

Na makipa! Helmeti, pedi za miguu, viatu vya kuupigia mpira, glavu, kinga ya kifua. Nimeona seti moja ikivuliwa mechi inapoisha, bado ina jasho, inavaliwa na kipa wa shule ifuatayo. Umbo lake ni dogo kwa kipa wa kwanza na kubwa kwa wa pili. Tunawezaje kupata kipa wa taifa hapo?

Birmingham 2022, Michezo ya Jumuiya ya Madola, wasichana wetu walifungwa na New Zealand 16-0. Watu waliwacheka mitandaoni. Mimi nilizima simu. Wasichana wale walijitolea kuliko waliowacheka, na magoli mengi kati ya yale 16 yalifungwa Kenya miaka kumi kabla, kwenye viwanja vya murram.

Mama Neema

Naomba nami niseme kama mzazi. Mleta uzi hajataja jambo moja ambalo walimu wa shule ndogo hulitaja sana kwenye mikutano: eti shule kubwa za bweni zinawaibia wachezaji.

Winga wa Sabatia

Dada, sikulitaja kwa sababu linaniuma. Mwaka jana walichukua wawili wangu wa kidato cha pili, kiungo na mshambuliaji. Walikuja na gari la shule, wakaongea na wazazi, wiki iliyofuata viti vyao viko wazi. Kiungo yule nilimfundisha kushika gongo kidole kwa kidole. Shule ile sasa ina viungo sita, na yeye hachezi. Angekuwa kwangu angecheza kila mechi.

Mama Neema

Nimekusoma, na nakuheshimu. Lakini binti yangu alikuwa mmoja wa wanaochukuliwa hivyo, shule nyingine, mwaka mwingine. Baba yake alikuwa amefariki na nilikuwa nadaiwa karo ya mihula miwili. Shule iliyomchukua ilifuta karo yote kwa ajili ya magongo. Muhula wa kwanza alikaa benchi, muhula wa pili pia. Alimaliza kidato cha nne. Leo ni muuguzi. Mwalimu wake wa kwanza alininunia mpaka leo, na ninaelewa kwa nini, ila ningerudishwa nyuma ningefanya vilevile.

Winga wa Sabatia

Dada yangu, hapo umenifunga mdomo, na vizuri umenifunga. Kiungo wangu naye baba yake ni mgonjwa. Sikuwahi kujiuliza karo ilikuwa inatoka wapi. Nitamtafuta mama yake nimjulie hali.

Bado nasema ligi yenye shule moja iliyojaa na tano tupu haiwezi kulea vipaji. Ila kosa si la mama.

Mpita Njia wa Upanga

Salamu kutoka Dar. Huku kwetu magongo ni madogo zaidi kuliko kwenu, kwa hiyo nasoma uzi huu kwa wivu kidogo.

Niwakumbushe Olimpiki ya Moscow 1980. Mataifa mengi yalisusia kwa sababu Wasovieti walikuwa wameivamia Afghanistan, nafasi zikabaki wazi. Tanzania ilipeleka timu ya wanaume, tukafungwa na India 18-0. Kwa upande wa wanawake, ambao ndio kwanza walikuwa wanaanza kucheza magongo Olimpiki, Zimbabwe ilialikwa wiki chache tu kabla ya michezo na ikarudi na dhahabu. Nchi iliyokuwa na miezi michache ya uhuru! Wachezaji wote walikuwa Wazungu, kwa kuwa magongo yalikuwa ya shule zao na klabu zao. Tangu hapo timu ya wanawake ya Zimbabwe haijarudi Olimpiki. Dhahabu ilikuja, lakini mchezo haukuwa umefunguliwa kwa wasichana wengi wa nchi ile, na kundi lile lilipozeeka nyuma yao palikuwa patupu.

Ndiyo maana nasema mleta uzi yuko sahihi kumhesabu yule wa 15.

Kijana wa Ruwi

Niko Muscat, Oman, nafanya kazi hapa mwaka wa sita. Januari 2024 tulikuwa na Kombe la Dunia la magongo ya watu watano watano hapa hapa. Nilienda siku tatu. Kiwanja ni kidogo, kina mbao pembeni kwa hiyo mpira hautoki ovyo, na unaweza kufunga kutoka popote, si lazima uwe ndani ya duara. Uholanzi ndio waliotwaa, wanawake na wanaume. Upande wa wanawake Afrika iliwakilishwa na Afrika Kusini, Namibia na Zambia. Nilitafuta bendera ya Kenya upande wa wasichana, haikuwepo.

Mwalimu mwenye wasichana 13 ana timu mbili na akiba watatu! Kwa nini kaunti zisicheze hivyo kwa miaka hii miwili ya ukame?

Mama wa Brooklyn Park

Niko Minnesota. Hapa hoki ni ya barafu, mchezo mwingine kabisa, lakini binti yangu anacheza na nimeona jambo la kushangaza: hata hapa, kwenye jimbo lililotangulia wengine Marekani kuufanya mchezo wa shule kwa wasichana, kuna shule zisizofikisha timu. Wanachofanya, shule mbili au tatu jirani huunda timu moja ya pamoja na kushiriki ligi kwa jina la pamoja. Wasichana wanapanda basi moja kwenda mazoezini. Ligi ya kulipwa ya wanawake ilipoanza Januari 2024, Minnesota ikiwa miongoni mwa timu sita za mwanzo, watoto walianza kuwa na mabango ya wanawake chumbani. Binti yangu ana mawili.

Je, huko hawawezi kuunganisha shule?

Winga wa Sabatia

Ndugu wa Ruwi na mama wa Minnesota, mmenipa usingizi wa leo.

Kuunganisha: kanuni za michezo ya shule zinataka mchezaji awe mwanafunzi wa shule anayoichezea, na kanuni hiyo ina sababu yake, ilikuwa kinga dhidi ya wachezaji wa kukodi. Lakini ingeweza kulegezwa kwa michezo iliyokaukiwa, kwa ngazi ya kaunti ndogo tu. Nitaandika barua kwa chama cha michezo ya shule kaunti.

Watano watano: hilo halihitaji barua ya mtu. Nitalianza.

Nimeguswa na la mabango. Wasichana wangu wanalo bango, ila ni la kandanda. Mwaka jana Junior Starlets, timu yetu ya taifa ya wasichana, walikwenda Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule Jamhuri ya Dominika, wakaifunga Mexico. Shule nzima ilisimama. Nilishangilia mpaka sauti ikakauka, na jioni nikajua nimepoteza washambuliaji wawili. Magongo ni muhula wa kwanza, kandanda ni muhula wa pili, haikupaswa kuwa ugomvi. Ila shule zenye ndoto ya kandanda siku hizi zinafanya mazoezi mwaka mzima.

Zamani tulikuwa na jina la kuwatajia: Telkom Orange. Wanawake wa Kenya waliokuwa wakitwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika na kurudi kuutetea. Mdhamini aliondoka, timu ikaendelea kwa jina la Blazers, wanapambana kishujaa. Lakini msichana wa Sabatia akiniuliza "nikimaliza hapa nacheza wapi?" namwambia nini? Vilabu vingi viko Nairobi, na vingine ni vya vyuo vikuu, Strathmore na USIU. Kuingia chuo kikuu kunataka C+ kwenye mtihani wa kidato cha nne. Beki bora niliyewahi kumfundisha alipata D+. Anauza mboga Chavakali, na mkono wake wa kulia bado unajua kila kitu.

Namba Nane

Huyo beki mlete afundishe makipa na mabeki wako. Nasema kwa dhati. Nilicheza ligi Nairobi miaka saba na sikupata kocha mwanamke hata mmoja mpaka mwaka wa tano. Siku alipokuja ndipo niliweza kumwambia mtu kwamba niko kwenye siku zangu na kaptura nyeupe inanitia hofu. Nadhani tumepoteza wasichana wengi kwa kaptura nyeupe kuliko tunavyokiri.

Pia nina magongo sita nyumbani ya mimi na wenzangu tulioacha. Yana mikwaruzo lakini hayajapasuka. Nitayafunga niyatume kwa matatu ya Jumamosi.

Winga wa Sabatia

Nilikaa kimya wiki mbili, samahanini. Nilikuwa nafanya kazi mliyonipa.

Jumamosi iliyopita nilivuka barabara nikaenda shule ya msingi ya jirani, kwa ruhusa ya mwalimu mkuu, nikaomba wasichana wa gredi ya 8 na ya 9 wanaotaka. Nilitarajia kumi. Walikuja 27. Magongo nilikuwa nayo tisa, kwa hiyo tulicheza watano watano kwa dakika nane nane, na waliokuwa nje wakawa wanahesabu dakika kwa sauti. Mbao za pembeni hatuna, tulipanga madawati ya zamani yaliyovunjika miguu. Wachezaji wangu 13 ndio waliofundisha. Beki wangu niliyesema anafifia alipewa kundi la watoto saba, akawapanga, akapaza sauti, na saa sita nilipofunga mazoezi alikataa kunirudishia filimbi.

Yule wa Chavakali alikuja pia. Alifunga kibanda asubuhi ile, akafika na leso kiunoni. Nilimpa gongo, akalipima mkononi, akaniambia limepinda vibaya, kisha akapiga mpira kutoka kwenye kona ya uwanja hadi kwenye dawati la mbali. Watoto wakanyamaza. Ameahidi Jumamosi mbili kila mwezi, nami nitamlipia nauli na hasara ya mboga zinazolala.

Barua nimeipeleka. Jibu bado.

Namba Nane, mzigo umefika salama, nimeupokea stendi ya Mbale, hapa Vihiga. Mungu akubariki. Matano ni ya inchi 37 na nusu, yanawafaa wakubwa wangu. Kwa watoto yale marefu yanawapiga tumboni wanapoinama. Kama kuna yeyote hapa mwenye ya inchi 34 au 35, hata yaliyochakaa mshiko, hayo ndiyo tunayatafuta sasa. Mshiko tutafunga wenyewe.